Mabenchi ya Bath Abbey: ilikuwa sawa kuyang'oa?

Wadau tuliongelee hili kiroho safi maana naona watu wanarushiana maneno tu. Bath Abbey, kanisa kubwa la mji wa Bath, Uingereza, askofu Oliver King ndo alianza kuijenga upya 1499, haijaisha hata vizuri mfalme Henry VIII akafukuza watawa 1539 jengo likabaki gofu, baadae likageuzwa kanisa la parokia mpaka leo. Sasa miaka ya karibuni wameng'oa mabenchi ya mbao aliyoyaweka msanifu George Gilbert Scott enzi za Malkia Victoria, wakaleta viti vya kupanga na kupangua. Victorian Society, chama cha kutetea majengo ya enzi hizo, wakagoma, kesi ikafika mahakama ya kanisa, mahakama ikasema toeni.

Wanaosapoti wana wimbo mmoja, eti "yale sio ya asili, zamani watu walisali wamesimama". Sawa, kusimama ni kweli, mabenchi yalikuja kuenea karne ya 15 huko. Ila jamani ingia mle ndani halafu inua kichwa. Ile dari ya mawe, mbavu zinachanua toka kwenye nguzo kama pepeo la ukindu, kila mtalii anapiga picha akijua ni ya miaka 500. Upande wa madhabahu ndio, kazi ya ndugu wawili, Robert na William Vertue. Upande wanaokaa waumini je? Scott huyohuyo, miaka ya 1860! Kabla yake palikuwa na dari ya plasta. Kwahiyo kama kigezo ni uasili, ukimaliza benchi panda ngazi ushushe na dari.

Mimi naunga mkono yatoke ila sababu yangu ni sakafu. Chini pale wamezikwa maelfu ya watu, udongo umetitia, kukawa na mapango chini ya mawe, na mawe yenyewe yana majina ya marehemu ambayo benchi ziliyafunika miaka yote hiyo. Utajazaje shimo na benchi iko juu yake? Humohumo wakapitisha mfumo wa kupasha kanisa kwa joto la chemchemi, ile ya mabafu ya Warumi, maji yake nyuzi 45 hivi (hapa nawavulia kofia).

Sasa anayesema mabenchi wangeyarudisha baada ya sakafu kupona, huyo ndo ananipa shida. Jibu langu ni kwamba yale majina yangefunikwa tena, lakini najua halitoshi. Kuna anayeyatetea mabenchi kwa hoja hiyo? Aje.