MREJESHO: Ile kazi ya mtandaoni inayofuatiliwa kila dakika

Wakuu, niliwauliza kama niendelee na mkataba wa kunukuu sauti (kusikiliza rekodi na kuandika yanayosemwa) kwa kampuni ya nje, nikifanyia nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma. Nimeacha. Programu yao inapiga picha za skrini na kuhesabu unavyobonyeza kibodi. Ukirudia sauti yenye makelele mara tatu bila kuandika, inasoma umekaa bure, na dakika hizo hazilipwi. Kusikiliza ndiyo kazi yenyewe, jamani! Umeme ukikatika, hasara yako. Kilichoniuma zaidi ni picha iliyonasa ujumbe wa mama kuhusu vipimo vyake. Mlionielekeza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, asanteni sana. Nimeiandikia kampuni izifute picha zote. Malipo ya mwisho bado nadai.