Dalali yuko getini

Kaka: Mko macho? Dalali yuko hapa shambani na gari tupu. Anazidisha bei ya mkataba wetu na yule mnunuzi wa kikundi, tena taslimu, leo hii.

Dada: Mwambie ageuze gari.

Kaka: Hivyo tu? Si parachichi zetu hizi?

Dada: Miche ulipewa na nani kwa mkopo? Tukasubiri zaidi ya miaka 3 kuona tunda la kwanza. Dalali alikuwa wapi?

Mimi: 😂😂

Mimi: Ila Kaka ana hoja. Nani atakupeleka mahakamani kwa kreti chache? Wakili peke yake anakula kuliko mzigo wenyewe.

Shangazi: Mwanangu, mahakama haimtishi mtu hapa. Mimi namuuzia huyu mnunuzi msimu wa tano sasa. Hela inaingia siku aliyosema. Halafu msimu ule kila mti ulibeba mpaka matawi yakavunjika, madalali hata simu hawakupokea. Yeye alileta gari lake kama kawaida. Hilo silisahau.

Baba Mdogo: Kweli dada yangu, ila tusimsifu mno. Yule wa kabla yake alitukalia na malipo miezi mitatu, nusu ya kikundi tukauza pembeni. Na mimi nilikuwemo. Bwana shamba wake akaja kunionyesha sahihi yangu. Nikamwambia sahihi naiona, pesa ndiyo siioni.

Kaka: Kumbe hata wewe Baba Mdogo!!

Baba Mdogo: Alianza yeye.

Kaka: Na huyu akikataa nusu ya mzigo, eti daraja la pili?

Dada: Anapanga madaraja mbele yetu, mizani tunaiona wote. Yaliyokataliwa ni yako, muuzie umtakaye. Hayo mpe dalali.

Dada: Na soma kifungu cha bei. Ile uliyokariri ni bei ya chini. Soko likipanda anaongeza.

Kaka: Sijakisoma

Dada: Najua.

Shangazi: Tena cheti cha kusafirisha nje ni cha kikundi kizima, si chako. Wewe ukipunguza, mwingine akipunguza, gari linaondoka nusu. Mwakani anahamia kikundi kingine. Mimi nitakaa vipi na majirani kwenye kikao?

Mimi: Kaka, dalali amepima ukomavu?

Kaka: Ameminya kwa kidole tu

Baba Mdogo: Haya sasa! Parachichi haliivi mtini, utaminya nini? Likichumwa changa linanyauka, linakuwa kama mpira. Mlaji akilitema, haulizi lilipita kwa nani.

Kaka: Sawa sawa. Nimemwambia.

Mimi: Amesemaje?

Kaka: Amecheka. Anauliza yale ya daraja la pili yatakuwa tayari lini.

Dada: Alhamisi jioni, wenyewe wakishaondoka. Na aje na kreti zake, zetu asiguse.