Reli ya umeme ya Ziwa Minnetonka: kampuni ilipata wapi ujasiri wa kuijenga?

Mwalimu wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha historia, na swali hili limezaliwa darasani. Nilikuwa nikieleza habari za reli yetu ya kusini, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea na kufungwa mwaka 1962, mwanafunzi mmoja akauliza kama kuna mahali ambapo watu walijenga reli kwa ajili ya kwenda kupumzika tu. Nilikumbuka kuwa niliwahi kusoma kwa ufupi habari za reli ya umeme iliyotoka Minneapolis, Marekani, hadi Ziwa Minnetonka, mwendo wa takriban kilomita 30. Nilichoshindwa kumweleza ni namna ambavyo kampuni ya biashara ilithubutu kutandika reli kwa kutegemea abiria wa majira ya joto, ilhali ziwa lenyewe huganda barafu wakati wa baridi. Naomba mwenye kufahamu atufafanulie.

Msomaji, Lindi mjini

Mwalimu, nashukuru kwa swali lako, maana jambo hili nimelifuatilia kwa miaka kadhaa. Kampuni hiyo iliitwa Twin City Rapid Transit, na kiongozi wake alikuwa Thomas Lowry. Tramu za umeme, yaani mabehewa ya abiria yapitayo kwenye reli za mjini, zilianza Minneapolis mwaka 1889, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 kampuni ilikuwa na mtandao mkubwa uliounganisha mji huo na jirani yake, Saint Paul. Ujasiri unaouulizia ulitoka hapo. Mitambo ya umeme, mabehewa na mafundi vilikuwepo tayari kwa ajili ya wafanyakazi wa siku za kazi, na siku ya mapumziko mabehewa mengi yalikaa bure huku gharama zikiendelea. Ikiwa watu wangepatiwa mahali pa kwenda, nauli zao zingekuwa nyongeza juu ya biashara iliyokwisha kusimama.

Mwaka 1905 reli ilifika Excelsior, mji mdogo ulio ukingoni mwa ziwa. Treni za mvuke zilikuwa zimefika ziwani tangu miaka ya 1860, na hoteli kubwa zilijengwa kwa ajili ya matajiri, ikiwemo Hotel Lafayette iliyoungua mwaka 1897. Tramu ilimfungulia ziwa fundi, karani na familia zao, ambao waliweza kwenda asubuhi na kurudi jioni ileile. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hiyo.

Ziwa Minnetonka lina ghuba na rasi nyingi mno, kiasi kwamba reli isingeweza kuzifikia zote. Kwa hiyo mwaka 1906 kampuni ilishusha majini boti sita za mvuke, zenye urefu wa futi 70 kila moja, zikiwa zimepakwa rangi ya manjano ileile ya tramu na kuwekwa viti vya aina ileile. Mwaka huohuo ilifungua bustani ya burudani katika Big Island, kisiwa kilichomo ndani ya ziwa. Bustani hiyo ilikuwa ghali kuiendesha, ikafungwa mwaka 1911.

Fundi umeme, Mtwara

Naomba niongeze upande wa umeme, kwa sababu umbali ule haukuwa jambo dogo. Tramu za wakati ule zilitumia takriban volti 600 za mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Mkondo ulishuka kutoka waya wa juu kupitia mlingoti uliosimama juu ya paa la behewa, ukazungusha mota, kisha ukarudi kupitia reli zenyewe. Kwa volti ndogo kama hizo, kadiri behewa linavyokwenda mbali ndivyo nguvu inavyopotea njiani, na mota huchoka hasa pale mabehewa mengi yanapoondoka pamoja jioni. Dawa yake ilikuwa kusafirisha umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara kwa mara, kwa volti kubwa hadi vituo vidogo vya kando ya njia, ambako mitambo ya kuzunguka iliugeuza kuwa mkondo mnyoofu. Sehemu ya umeme wa kampuni hiyo ilitoka katika maporomoko ya St. Anthony, kwenye mto Mississippi.

Mwalimu wa Mikindani

Nawashukuru sana. Je, nitakuwa sahihi nikiwaambia wanafunzi kwamba reli ya Minnetonka ilikufa kwa sababu mapumziko ni msingi dhaifu kuliko mazao?

Msomaji, Lindi mjini

Hapana, Mwalimu, hapo ningekuomba usubiri kidogo. Karanga nazo zilikuwa msingi dhaifu: mradi uliachwa mwaka 1951, na reli yetu ikabaki ikitafuta shehena kwa miaka kumi na moja. Sisi tunaoishi na korosho tunajua namna barabara zinavyojaa malori kwa miezi michache na kisha kunyamaza. Reli ya Minnetonka ilikuwa na msimu kama huo, lakini ilikuwa tawi la mtandao wa mji uliokuwa na abiria mwaka mzima, na hata boti zake zilihudumia watu walioishi kando ya ziwa na kufanya kazi mjini.

Kilichoiondoa ni motokaa. Watu walipoweza kuendesha gari hadi mlangoni pa nyumba zao za ziwani, boti zilipoteza abiria na kusimamishwa mwaka 1926. Baadhi, ikiwemo ile iliyoitwa Minnehaha, zilizamishwa kwa makusudi. Tramu za Excelsior zilikoma mwaka 1932, na zile za mjini mwaka 1954. Minnehaha iliopolewa kutoka chini ya ziwa mwaka 1980, ikakarabatiwa, na mwaka 1996 ikabeba abiria tena.