Mtu kasimamisha mfupa wa kuku juu ya Tendaguru yangu. Wana Lindi mpo?

Mwana_wa_Mtanda ameanzisha uzi:

Wakuu, sina salamu. Salamu zangu zote zimeishia kwenye kile kibanda umiza jioni hii.

Mnamjua. Jina sitaji, moderata asije akanifungia uzi kabla sijamaliza hasira, lakini mnamjua. Yule aliyefika Orlando, kwenye zile bustani za michezo za Florida, mara moja tu akarudi na kofia, na ile kofia haijavuliwa mpaka leo, hata makaburini anaingia nayo. Yule ambaye ukimwambia umechelewa bajaji anakukatisha akuhadithie foleni aliyopanga Florida. Harusi ya dada yake alishika maiki akaeleza tofauti ya Universal na Disney mpaka maharusi wakaomba viti. Huyo huyo.

Leo kaniwekea mfupa wa kuku juu ya Tendaguru, kile kilima chetu cha mifupa ya dinosaria, nilichokitengeneza kwa udongo.

Nianze vizuri maana mikono inatetemeka. Mnajua kila baada ya muvi huwa tunabaki wachache tunapigana hoja: ukipewa eka 14 na hela isiyokatika, unajenga eneo la muvi gani kwenye bustani kama zile, na unalijengaje? Eka 14 ndiyo saizi ya lile eneo la Star Wars walilofungua California na Florida mwaka 2019, basi tukakubaliana iwe kipimo chetu, mtu asije akajijengea bara zima. Leo ilikuwa zamu yangu, na muvi yangu ni Jurassic Park.

Sikwenda na maneno matupu. Nilikwenda na mfano. Maboksi ya sabuni, udongo mwekundu, gundi, njiti za kiberiti. Kilima cha Tendaguru kipo, mashimo ya wachimbaji yapo, njia inateremka mpaka bandari ya Lindi, na njiani wapo wapagazi wamepangana mstari, kila mmoja ni njiti moja na kichwani ana punje ya mchele, ndiyo mfupa aliobeba. Punje kwa punje nimezibandika. Nikauweka mezani, nikasema "wakuu, foleni inaanzia hapa", sijamaliza hata sentensi, mwenzenu akachukua mfupa wa paja alioshaunyonya, akausimamisha kileleni, ukazama kwenye udongo, akasema: "Haya, dinosaria wa Lindi huyo. Bado korosho tu."

Watu wakacheka. Kicheko chake yeye kilisikika Mingoyo.

Mfupa wa kuku, jamani. Una mate. Una pilipili. Juu ya Tendaguru.

Na anaambiwa nani hajui dinosaria? Mtu wa Lindi! Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Mifupa zaidi ya tani 200 ikabebwa na babu zetu vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandarini hapa hapa kwetu, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Yule aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu, katoka huku. Yule wa shingo ndefu kwenye muvi ya 1993, ambaye Grant, yule mtaalamu wa dinosaria, akimwona tu miguu inamlegea, wanamwita Brachiosaurus, na kile kichwa chenye nundu juu ya pua dunia ilikizoea kwa ajili ya mifupa ya Tendaguru. Halafu mtu mwenye kofia ya dukani ananiambia "bado korosho".

Hoja yake, kama ile ni hoja, ni kwamba eneo la muvi ni nakala ya muvi: kilichoonekana kwenye skrini ndicho kinachojengwa, cha ziada ni uchafu. Akanitolea Hogsmeade ya 2010, kile kijiji cha Harry Potter pale Orlando. Hogsmeade siikatai, Stuart Craig aliyesanifu mandhari za muvi zenyewe alitia mkono wake pale, na inaonekana. Lakini Pandora ya 2017, ile ya Avatar, je? Bonde la Mo'ara halimo kwenye muvi ya 2009. Wamelitunga kwa ajili ya bustani, wakalipa hadithi ya miaka mingi baada ya ile vita, na watu wakisimama chini ya ile milima inayoelea wanasahau kupiga picha. Hilo nilimtajia kabla sijafungua hata boksi la mfano. Jibu hakuwa nalo. Alikuwa na mfupa.

Mimi ninachotaka ni foleni tu, ile njia mgeni anayosubiria zamu ya kupanda! Eneo la Jurassic pale Orlando lipo tangu 1999, kituo cha wageni kama cha kwenye muvi kipo, boti ya kuporomoka majini ipo, treni la kasi la VelociCoaster lipo tangu 2021, sigusi hata msumari wao. Foleni ndiyo yangu. Mgeni anaingia Tendaguru, anakuta mfupa nusu umo ardhini nusu nje, anaona unavyofungwa kwa mianzi usivunjike njiani, anapita katikati ya wapagazi, na mlangoni anapokewa na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria jina lake, Australodocus bohetii. Mgeni akitoka hapo akapanda boti, anajua anakwenda kumwogopa nani. Yote haya ningeyasema. Sikuyasema kwa sababu kulikuwa na mfupa wa kuku.

Na haukuwekwa pembeni, mniwie radhi. Umesimamishwa kileleni, wima, na aliusukuma kwa kidole gumba mpaka udongo ukapasuka. Wapagazi wameanguka na punje zao. Mfupa sijautoa, nimeufunika bakuli, ni ushahidi.

Najua unasoma humu. Soma.

Pweza_Mkavu: Uzi bila picha ni chai. Picha ya mfano, picha ya mfupa, na ya kofia kama unayo.

Dada_Ngongo: Namjua 😂😂 Alikuja kwetu kutupa pole ya msiba, akaangalia turubai, akasema kule kwa wenzetu kivuli cha foleni kina feni.

Nimevuta_Kiti: Endeleeni, mimi sina la kusema, nimevuta kiti.

Mama_Chipsi_Ilulu: Huyo kuku ni wa kwangu na hajalipwa. Paja na chipsi kavu, kachumbari kaongezewa bure, akasema nakuja sasa hivi. Ukimwona mwambie.

Mwana_wa_Mtanda: Mama shikamoo. Deni lako ni la haki kabisa, ila mada hapa ni mfupa ulivyotumika.

Mama_Chipsi_Ilulu: Marahaba. Kwangu mada ni nyama iliyokuwa kwenye huo mfupa.

Profesa_Nachingwea: Mkuu, punguza povu tuelimishane. Kwanza, wa Berlin siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Janensch, mmoja wa wale Wajerumani wa Tendaguru, alimpa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, baadaye wakaona tofauti na yule wa Marekani aliyeelezwa mwaka 1903 zimezidi, wakawatenganisha. Kwa hiyo wa kwenye muvi kwa jina ni Mmarekani. Pili, ndege wametokana na dinosaria. Kuku ni dinosaria. Jamaa kakuchangia kielelezo halisi na wewe unalia.

Pweza_Mkavu: Profesa kamuua 😂😂😂

Dada_Ngongo: "Kakuchangia kielelezo" nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Mwana_wa_Mtanda: Profesa, jina wamuite wanavyotaka, kichwa ni chetu. Mtazame wa Berlin halafu mtazame wa kwenye muvi, uniambie ile nundu ni ya nani. Na kuku kuwa dinosaria hakumpi mtu ruhusa ya kumsimamisha juu ya kazi ya mwenzake akiwa na pilipili. Ungekuwepo ungeona alivyousukuma kwa kidole gumba.

Profesa_Nachingwea: Nilikuwepo. Nilicheka.

Mwana_wa_Mtanda: Kumbe.

Abuu_Mikindani: Habari za Lindi zimezidi humu. Jibu la yule jamaa wa kofia ni dogo sana na hakuna aliyelitoa. Eneo ni nakala ya muvi? Maharamia wa Karibiani walianza Disneyland mwaka 1967, watu wanapanda boti wanaimbiwa, muvi imekuja 2003. Muvi ndiyo nakala ya bustani! Hapo anasemaje? Na kama ni eneo la maharamia, eka 14 nizipeni Mikindani. Ghuba ipo, majumba ya mawe yapo, boma la 1895 limesimama. Huhitaji udongo wala maboksi ya sabuni.

Dada_Ngongo: Mtwara wameingia. Uzi umekwisha.

Mtoto_wa_Kilwa: Mikindani na maharamia wapi na wapi. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, Ibn Battuta kafika 1331, Husuni Kubwa ina bwawa la kuogea la pembe nane linaitazama bahari. Mnachonga maboksi na sisi tuna jumba la sultani. Mimi linaloniuma ni Animal Kingdom, ile bustani ya wanyama ya Disney. Mwaka 1998 wamejenga mji mzima wa pwani ya kwetu pale Florida, wakauita Harambe, Kiswahili ukutani, kuta zimebanduka plasta makusudi zionekane kuukuu, na mfano waliochukua ni Lamu. Lamu! Sina ugomvi na ndugu zangu wa Lamu, lakini Kilwa ilikosa nini?

Abuu_Mikindani: Ilikosa barabara.

Mtoto_wa_Kilwa: Barabara tunayopita ni moja, ndugu. Mwaka 2024 ilipokatika pale Somanga nawe ulilala njiani.

Jedi_wa_Masasi: Naomba nitoe la moyoni kwa kuwa mmegusa eka 14. Mimi nimeanza Star Wars na kaseti za kukodi. Wanapewa hela zote zile, wanajenga sayari ya Batuu ambayo kwenye muvi haikuonyeshwa hata dakika moja. Siku ya kufungua, Vader hakuna, Luke hakuna, wale wa muvi za kwanza, kwa sababu eti hadithi ya eneo imewekwa kipindi cha zile muvi za mwisho. Mtoto kavaa kofia nyeusi na kanzu nyeusi kwenye jua la Florida anamtafuta Vader, anaambiwa Vader ameshakufa zamani. Hapo ndipo mjadala wa nakala unapoanzia, na mnaupoteza kwa kuku.

Mwana_wa_Mtanda: Jedi nakuheshimu ila hujanisoma. Batuu kosa lake wamewaondoa watu tunaowapenda. Mimi sijamwondoa mtu, nimeongeza. Wamempeleka mgeni mahali papya asipomjua mtu, mimi nampeleka mahali walipotoka wale wale anaowajua. Halafu si kuku, ni mfupa wa kuku.

Jedi_wa_Masasi: Tatooine, sayari aliyokulia Luke, ilikuwepo! Mchanga, nyumba za udongo, jua mbili. Wangejenga Tatooine kila mtu angelia.

Pweza_Mkavu: Tatooine unaipata Msimbati mchana wa Januari, bure, kiingilio jasho.

Nimevuta_Kiti: Mimi natetea Batuu. Nimetazama video za watu wakitembea mle mpaka bando likaisha. Ile meli ya anga ya Millennium Falcon ya saizi kamili imeegeshwa hapo nje, moshi unatoka, huhitaji kujua sayari inaitwaje. Nyie mnataka kujenga muvi, wenzenu wamejenga mji.

Jedi_wa_Masasi: Vuta kiti ukae kimya kama ulivyoahidi.

Kiungo_Mkabaji: Wakati mnajenga Marekani, mwenye kibanda umiza jana katoa muvi zikiwa zimebaki dakika chache akaweka mpira. Tumelipia muvi. Dinosaria mkubwa kapiga mguu mmoja mlangoni, skrini ikageuka, tukaona kona. Mpaka leo sijui nani alipona.

Dada_Ngongo: HILI. Hili ndilo la kufungulia uzi.

Abuu_Mikindani: Mtwara hayo hayapo. Kibanda cha muvi mbali, cha mpira mbali.

Kiungo_Mkabaji: Na ukilalamika anasema "utamalizia kesho". Kesho analipisha upya.

Profesa_Nachingwea: Hapo naunga mkono hoja kwa mikono miwili. Kuna siku katugeuzia tukiwa kwenye kesi, hakimu kafungua mdomo kusoma hukumu, tukasikia mtangazaji.

Mwana_wa_Mtanda: Wakuu, mfupa.

Dada_Ngongo: Mwenye kibanda naye tunamjua au hatumjui? 😂

Kiungo_Mkabaji: Tunamjua. Feni yake moja, inamwangalia yeye.

Mtoto_wa_Kilwa: Tukirudi kwenye barabara. Kuna aliyepita Somanga wiki hii? Bibi anataka kuja Dar kwa macho na sitaki alale njiani.

Pweza_Mkavu: Nimepita juzi, kulikuwa kukavu. Mkatie basi la alfajiri, siti za mbele, za nyuma zinarusha.

Mwana_wa_Mtanda: Kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayemwambia kitu?

Mama_Chipsi_Ilulu: Mimi nitamwambia, kesho akija kununua. Abuu, wewe uliyeniuliza inboksi, pweza atakuwepo kuanzia saa kumi na moja, supu mapema. Njoo na bakuli lako, yangu hayarudi.

Abuu_Mikindani: Niwekee ya elfu mbili, pilipili mbali.