Naomba ushauri: huu ukatili wa bure kwa wageni unatoka wapi?

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mzaliwa wa Arua, sasa nauza mitumba Owino, Kampala. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu Jumanne.

Nilikuwa Old Taxi Park, kituo cha taksi (matatu zetu) hapa Kampala. Mama mmoja wa makamo, gunia dogo la simsim kichwani, akamuuliza kijana muuza miavuli kwa Kiswahili taksi ya Mulago iko wapi. Kijana akamwelekeza ya Entebbe, karibu kilomita 40 upande mwingine kabisa. Mama akamwambia, "Asante sana mwanangu." Alipogeuka tu, yule kijana na wenzake wakaangua kicheko, wakigongana viganja.

Nilimkimbilia nikamshusha kabla taksi haijajaa. Lakini ile "asante" bado iko masikioni.

Mwizi namwelewa, anataka pesa. Huyu hakupata hata shilingi mia! Wengine wananiambia ni lugha: tangu enzi za Amin, Kiswahili hapa Kampala wanakihusisha na wanajeshi na majambazi, ingawa katiba imekifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005. Labda. Ila mama mwenye simsim ana bunduki gani?

Kinachoniuma zaidi, kijana yule namfahamu, tunanunua chai kwa mama mmoja na ni mtu mcheshi. Je, nimkalishe nimuulize, au nitaonekana najifanya mchungaji? Mngekuwa ninyi mngemwanzaje?