Mizigo ya wago za maketi: malakiti ya kweli, mchanga ao makala ya mbabula?

MwanaKamalondo (Lubumbashi)
Bandugu, jambo yenu. Niko najenga maketi (mfano mdogo) ya reli ya kwetu ku kipimo cha 1/87, maana kila kitu kinapunguzwa mara 87; upana wa njia naweka milimita 12, kwa sababu reli yetu ya kweli iko na upana wa milimita 1067 na ukigawanya inaangukia karibu pale pale. Wago (mabehewa) za wazi ziko tayari, sasa mizigo njo inanisumbua. Nataka zingine zibebe mawe ya shaba ya Kolwezi na Likasi, zingine makala ya mawe ya Luena. Ku meza niko na vitu tatu: malakiti ya kweli (jiwe la kijani la shaba), vile vipande vinabakia kwa bachongaji ba mikufu, mchanga wa mtoni nautia rangi, na makala ya mbabula (makaa ya miti ya jiko) naiponda. Nilikuwa nawaza kitu ya kweli njo itafanana kuliko yote, lakini nikimwanga malakiti mu wago naona kijani inapiga macho sana, treni ya namna ile sijaionaka. Ninyi munafanya namna gani?

FundiKatuba
Macho yako inaona sawa. Malakiti ya bachongaji ni ile imechaguliwa, kijani tupu. Mawe yenye yanatoka mu shimo yako na udongo mingi, kahawia, nyekundu, rangi ya majivu, kijani inapita ndani kidogo kidogo tu. Mi nachukua udongo mwekundu wa hapa hapa, naukausha, naukaanga ku moto mu sahani ya zamani juu ya kuua wadudu na mbegu, nachekecha, kisha naongeza malakiti kiloko sana, kama kijiko ya chai ku kikombe nzima ya udongo.

Lakini sikia, kwangu ukubwa wa punje unapita vyote. Jiwe ya sentimita 20, ile mtu anainua na mikono mbili, ku 1/87 inakuwa milimita 2 na kitu. Ya sentimita 10 inakuwa milimita 1 na kitu. Ukitia vipande vya milimita 5 mu wago, ile ni mawe ya karibu nusu metre, hata ikiwa malakiti ya kweli kabisa jicho inakataa mara moja. Waya ya dirisha ya kuzuia mbu inakamata punje kubwa, kichujio cha chai kinakamata za kati, na vumbi yenye inabakia usiitupe, mawe ya shimo yanakuwaka na vumbi.

Na tafazali, malakiti usiiponde kavu. Vumbi yake iko na shaba na ni mbaya kwa mapafu. Lowesha na maji, vaa maski, na ile kinu isirudi jikoni.

MamaReli_Ruashi
Fundi amesema vizuri ya punje, mi naongeza jambo yenye watu bengi banapita bila kuona: kiasi gani unajaza. Metre kibe (mita ya ujazo) moja ya makala ya mawe yaliyovunjika iko karibu kilo 800 ao 900, ya mawe ya shaba inaweza kupita mara mbili ya ile. Wago iko na tani zake za kubeba, kwa hiyo ya makala inajaa mpaka juu na kilima, lakini ya mawe ya shaba inafikia uzito wake wakati ndani kungali nafasi mingi. Ukijaza zote sawa mpaka ukingoni umeharibu kazi, hata rangi iwe nzuri namna gani. Mi mawe naweka chini ya ukingo, vilima viwili vya mviringo, kila kimoja juu ya magurudumu yake, katikati inashuka.

Na umbo inategemea nani amepakia. Mzigo wa kuanguka toka juu unafanya kilima laini, mchanga mkavu unasimama ku digrii 34 hivi, haupiti pale. Wa mashini ya koleo unakuwa wa mabonde-mabonde, na vipande vinabakia ku ukingo wa wago. Tia vile vipande viwili vitatu ku ukingo, utaniambia.

Makala ya mbabula mi naipenda kwa Luena, haina gharama na inavunjika na pembe kali. Shida mbili. Moja, weusi wake umekufa, makala ya mawe inang'aa kidogo, kwa hiyo kisha kukauka pitisha varnishi ku vichwa vya juu tu, na brosi karibu kavu. Mbili, inaelea! Ukimwanga kole (gundi) ya maji juu yake yote inaogelea. Paka kwanza kole nzito, mwanga makala, bonyeza na kidole, ikauke, njo sasa unapuliza kole ya maji.

LavaNyeusi (Goma)
Salamu toka Goma. Huku reli hatuna lakini maketi tunajenga, na lava ndiyo imejaa kila fasi, tunaiponda na nyundo. Kwa makala ya mawe siwashauri, iko na matundu mengi na inaonekana tu ni lava. Ila mukitaka kutengeneza ule mlima wenu mweusi wa takataka za shaba, terili ya Lubumbashi, au wago inayobeba zile takataka, lava iliyopondwa sana inafaa kuliko kitu chochote. Ila kabla ya kuitumia pitisha sumaku juu yake, mara mbili, tatu. Mchanga wa volkano unakuwaka na punje za chuma, zikianguka ku njia mota ya lokomotivi inazivuta ndani na hapo ni kwaheri mota. Hata mchanga wa mtoni mupitishe vilevile.

MwanaKamalondo
Aksanti sana bote. Mama, swali: wago inajaa udongo mpaka chini, ao munatia kitu ingine ndani?

MamaReli_Ruashi
Frigoliti, ile povu nyeupe nyepesi ya kufungia vyombo. Kata kipande kiingie bila kukaza, chonga vilima na kisu, paka rangi ya maji ya kahawia ao nyeusi, kisha ganda punje juu. Rangi ya kopo ya kupuliza hapana, inakula frigoliti. Chini yake ficha kipande cha chuma, siku unataka wago tupu unaleta sumaku juu, mzigo wote unatoka. Uzito angalia: kanuni ya NMRA, chama cha Wamarekani banaojenga maketi ya reli, kwa 1/87 ni gramu 28 za kuanzia, kisha 14 kwa kila sentimita 2 na nusu ya urefu. Wago ya sentimita 15 inafika gramu 113 hivi. Tia ule uzito chini kabisa, juu ukiweka inaanguka mu kona.

FundiKatuba
Na kole nyeupe, nusu kwa nusu na maji, na tone la sabuni ya vyombo ili iingie ndani bila kufanya matone. Udongo wetu ukikunywa kole unakuwa mweusi zaidi na haurudi kabisa, kwa hiyo changanya wenye kupauka kuliko unavyotaka, jaribu ku kipande cha karato (karatasi ngumu), acha ulale mpaka kesho, kisha uangalie inje ku jua, hapana chini ya taa.

MwanaKamalondo
Sawa. Naanza na udongo na malakiti kidogo, makala nafanya kisha. LavaNyeusi, kuko mtu anakuja Lubumbashi? Mfuko moja ya lava unanitosha kwa terili.