Tupeane uzoefu: toroli la mbao la kuwekea bodi ya gari

Wakuu habari zenu, kwa wale waliowahi kufufua gari kuukuu na wakajitengenezea toroli la mbao la kuwekea bodi baada ya kutoa injini na miguu yote (magurudumu na springi zake), tupeane uzoefu. Naanza mimi. La kwanza nilipiga misumari mitupu, bodi likabeba vizuri tu, shida ikaja siku ya kulisukuma, kila nikisukuma fremu inalala upande kama kitanda kibovu na misumari inalia nyii nyii inatoka yenyewe. Nikashusha bodi nikaanza upya na bolti za milimita 12 zenye washa pana, kila kona mbao ya mshazari. Mpaka leo halichezi.

---

Mi mbao hazikunisumbua, vigurudumu ndo vilinitoa jasho. Nilipiga hesabu za kitoto, bodi kama kilo 360 gawa kwa 4, nikanunua vya kubeba kilo 90 kila kimoja. Kumbe sakafu isiponyooka kimoja kinaelea, mzigo wote unabaki kwa vitatu. Kimoja kikavunjika shingo saa nne usiku niko peke yangu. Siku hizi nagawa kwa 3 halafu naongeza, nachukua vya 150. Na viwe vikubwa, vile vidogo hata kokoto moja vinagoma.

---

Samahani mi mgeni kwenye hizi kazi, bodi mnaiegemeza wapi?

---

Mkuu usiweke kwenye bati la sakafu, litabonyea. Tafuta penye ugumu, pale pa kuwekea jeki au miguu ilipokuwa imefungwa, juu ya mbao weka vipande vya tairi chakavu. Na kabla hujakata bati lililooza chini ya mlango, pima nafasi ya mlango pande zote uandike. Mi nilikata kwanza, bodi ikalegea katikati nikachomelea hivyo hivyo, mlango wa dereva mpaka leo naufunga kwa bega.

---

Hahaha eti bega! Mi yangu ni moto. Tenki la mafuta nilishatoa nikajiona nimemaliza, nachomelea chini cheche zikadondokea mbao iliyolowa oili, nasikia harufu nadhani ni rangi inaungua. Bahati ndoo ya maji ilikuwa karibu. Sasa hivi mbao nafunika kwa bati, na nikimaliza kuchomelea nakaa nusu saa nzima naangalia tu, wife anadhani naomboleza gari.